Tathmini ya Explorer 3: kinasa kidogo kilichofichua mikanda ya Van Allen

Zinapotajwa setilaiti za kwanza za Marekani, sifa karibu zote huiendea Explorer 1, iliyorushwa kutoka Cape Canaveral tarehe 31 Januari 1958. Kwa maoni yangu, anayetaka kujua ni chombo gani hasa kilichotufundisha kwamba Dunia imezungukwa na mionzi mikali, ile inayoitwa mikanda ya Van Allen, aichunguze Explorer 3, iliyofuata tarehe 26 Machi mwaka huo huo.

Kwa umbo hazitofautiani sana: ni bomba jembamba lenye urefu wa takriban mita 2 na uzito wa kilo 14 hivi, likiwa na tyubu moja ya Geiger (kifaa cha kugundua chembe za mionzi) iliyowekwa na kundi la James Van Allen wa Chuo Kikuu cha Iowa ili kuhesabu miali ya kosmiki, yaani chembe zenye nishati kubwa zitokazo angani. Kilichoitofautisha Explorer 3 ni kinasa cha utepe, kazi ya mikono ya George Ludwig, aliyekuwa mwanafunzi wa Van Allen. Explorer 1 haikuwa na kinasa, kwa hiyo ilisikika tu ilipopita karibu na vituo vya kupokea mawimbi, na wanasayansi wakabaki na vipande vipande: hapa hesabu ya kawaida ya chembe 30 hivi kwa sekunde, kule juu ya Amerika Kusini sifuri tupu. Explorer 3 ilihifadhi hesabu za mzunguko mzima wa karibu saa mbili, kisha, ilipoamriwa kutoka ardhini, ikazimwaga zote kwa sekunde chache.

Uzuri wa kazi yake unaonekana mtu akifuatilia utepe mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Hesabu inaanza kwa utulivu karibu na Dunia, inapanda kwa kasi setilaiti inapopaa, inagonga kikomo cha 128 kwa sekunde, halafu inaporomoka hadi sifuri na kukaa hapo kwa dakika nyingi kabla ya kurudi juu. Carl McIlwain, mwanafunzi mwingine wa Van Allen, aliiweka tyubu kama ile mbele ya mashine ya eksirei na kuthibitisha sababu yake: chembe zikimiminika kwa wingi mno, tyubu haipati nafasi ya kutulia baina ya pigo moja na jingine, na saketi haihesabu chochote. Sifuri ile, basi, ilimaanisha mionzi kupita kiasi. Tarehe 1 Mei 1958 Van Allen aliutangaza ugunduzi huo mjini Washington.

Kasoro zipo, tena si ndogo. Tyubu moja inayozidiwa haiwezi kusema mionzi ina ukali gani, wala kutenganisha protoni na elektroni. Mzingo wake nao ulishuka hadi chini ya kilomita 200, hivyo hewa ikaipunguza kasi na ikaanguka mwishoni mwa Juni 1958.

Hata hivyo, tuilinganishe na Sputnik 3 ya Wasovieti, iliyorushwa tarehe 15 Mei ikiwa na uzito wa zaidi ya kilo 1,300 na vifaa vingi bora kuliko vya Iowa: kinasa chake kiliharibika, nayo ikakosa ramani kamili ya mionzi hiyo. Anayehitaji vipimo vya ukali wenyewe aitazame Explorer 4 ya Julai 1958, iliyobeba vihesabio vinne, kimojawapo kikiwa kimekingwa kwa madini ya risasi.