Mkanda wa kunyoosha mgongo kwa mwenye TOS: nyota moja kati ya tano

Mkanda wa kunyoosha mgongo siku hizi unauzwa kila mahali, kuanzia maduka ya vifaa vya tiba hadi kurasa za Instagram. Una vitanzi viwili vinavyopita juu ya mabega, vinazungukia kwapani na kukutana katikati ya mgongo, kisha unaukaza kwa velkro au kwa kuvuta ncha mbili kuelekea mbele. Mabega yanarudi nyuma, kifua kinatokeza. Mtu mwenye afya anayekaa kwenye kompyuta siku nzima hatadhurika na kifaa hiki akikivaa dakika ishirini ili kikumbushe mwili. Hapa kinapimwa kwa mtu mwingine kabisa: aliyeumia shingo au bega katika ajali, mkono ukaanza kufa ganzi, akaambiwa ana TOS (kifupi cha Kiingereza cha thoracic outlet syndrome), yaani neva au mishipa ya damu ya mkono inabanwa kwenye njia iliyo kati ya shingo na kwapa. Mara nyingi mtu huyo anaelekea kwa daktari mpasuaji, na ndiye anayenunua mkanda huu kwa matumaini makubwa kuliko wote.

Ubaya wa mkanda unaonekana ukifuata njia ya neva hizo. Zinatoka shingoni na kupita katika sehemu tatu nyembamba. Ya kwanza ni kati ya misuli ya skalini iliyo pembeni mwa shingo. Ya pili ni kati ya mtulinga, mfupa wa mbele unaounganisha bega na kifua, na ubavu wa kwanza. Ya tatu ni chini ya msuli mdogo wa kifua, karibu na kwapa. Ajali ya gari inayorusha shingo mbele na nyuma inaweza kujeruhi skalini, na misuli hiyo inapopona inaweza kukakamaa na kuwa na makovu. Mtulinga uliovunjika, kama inavyotokea sana kwa walioanguka na bodaboda, unaweza kuunga kwa kupinda au kwa uvimbe mnene wa mfupa unaopunguza nafasi ya pili.

Sasa mkanda unafanya nini? Unavuta bega nyuma na chini. Mwaka 1943 madaktari Falconer na Weddell walieleza jinsi mkao huo huo, bega nyuma na chini kama askari aliyesimama wima, unavyousogeza mtulinga karibu na ubavu wa kwanza na kubana mshipa wa damu. Hadi leo ni kipimo cha kliniki: daktari anakuvuta mabega nyuma na chini, anashika mapigo ya kifundo cha mkono na kukuuliza kama ganzi imeongezeka. (Mapigo peke yake hayathibitishi ugonjwa, maana hupungua hata kwa baadhi ya watu wazima wa afya. Dalili za mgonjwa mwenyewe ndizo zenye uzito.) Kipimo hicho huchukua dakika moja au mbili. Mwenye mkanda anajifanyia kwa saa nne mfululizo.

Tena kitanzi chenyewe kinapita juu ya msuli mdogo wa kifua, na kikikazwa kinakandamiza sehemu ya tatu moja kwa moja. Aina zenye ukanda mwembamba wa nailoni wa sentimita tatu au nne ndizo mbaya zaidi, kwa sababu nguvu yote inaishia kwenye mstari mmoja unaokata kwapa. Zile za fulana pana ya mpira zinasambaza nguvu, lakini mvuto wa nyuma na chini unabaki pale pale. Pedi ya sponji ambayo wauzaji wengi huisifia inapunguza mchubuko wa ngozi tu. Neva iliyo chini haipati nafuu yoyote.

Anayeuvaa husema siku ya kwanza na ya pili anajisikia vizuri, kwa sababu misuli ya mgongo wa juu imepumzishwa. Ganzi ya kidole cha pete na kidole cha mwisho huongezeka baadaye, mara nyingi usiku, na kwa kuwa mkanda umeshavuliwa hakuna anayeushuku.

Kuna hasara kubwa zaidi ya hiyo ganzi. Kwa TOS ya neva, ambayo ndiyo aina ya wagonjwa walio wengi mno, kawaida madaktari hutaka kwanza fiziotherapia ya wiki sita hadi miezi mitatu kabla ya kuzungumzia kukata ubavu wa kwanza. Majibu ya kipindi hicho yanaingia katika uamuzi wa upasuaji. Mgonjwa akifanya mazoezi nusu saa kwa siku halafu akavaa mkanda saa nne, daktari ataona mazoezi hayakusaidia kitu, na huenda akahitimisha kwamba njia iliyobaki ni kisu. Kwa hiyo kama umeuvaa, hata kwa wiki moja, mwambie mtaalamu wako wa fiziotherapia na daktari mpasuaji: ulianza lini, uliuvaa saa ngapi kwa siku, mkono ulikuwaje. Ni taarifa ya matibabu kama zilivyo dawa unazomeza.

Baada ya upasuaji wengine huurudia mkanda wakidhani sasa njia imefunguka. Mahali pa vidonda panatosha kuwazuia. Daktari anayepitia juu ya mtulinga huacha kovu kwenye msingi wa shingo. Anayepitia kwapani huacha kovu kwapani. Anayekata kano ya msuli mdogo wa kifua huacha kovu kwapani au mbele ya bega. Kitanzi cha mkanda huu kinagusa au kinakaribia sehemu zote hizo. Sidiria yenye kamba nyembamba ina tatizo hilo hilo, kwa hiyo wiki za mwanzo vaa yenye kamba pana au isiyo na kamba.

Ndugu yake wa hospitalini, bandeji ya umbo la nane inayofungwa mtulinga ukivunjika, naye anastahili neno. Utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 1987 uliilinganisha bandeji hiyo na mkanda wa kawaida wa kuning'inizia mkono: mfupa uliunga vile vile, na waliotumia mkanda wa kuning'inizia walilalamika kidogo kuliko waliofungwa bandeji. Kwa aliyefungwa umbo la nane na vidole vikaanza kuchomachoma au mkono kuvimba, arudi kulegezewa siku hiyo hiyo. Asijilegeze mwenyewe akanyamaza. Ganzi ikibaki wiki kadhaa baada ya mfupa kuunga, aombe picha ya eksirei ya mtulinga na ya shingo, kwa sababu wapo watu wanaozaliwa na ubavu wa ziada shingoni bila kujua mpaka ajali iuamshe.

Fedha hiyo inunue nini basi? Mkono mmoja una takriban asilimia tano ya uzito wa mwili, yaani kilo tatu na nusu kwa mtu wa kilo sabini, na uzito huo unavuta neva chini kutwa nzima. Kwa hiyo kinachosaidia ni kile kinachobeba mkono kutoka chini. Mito miwili ya kawaida inaushinda mkanda huu: mmoja chini ya kichwa, usiwe mnene wa kupindisha shingo, na mwingine wa kukumbatia ukilalia ubavu mzima, ili mkono mgonjwa usianguke mbele. Usilale mkono ukiwa juu ya kichwa. Kiti kiwe na egemeo la mkono lenye kimo cha kiwiko. Egemeo likiwa juu mno bega linainuliwa na skalini hazipumziki, likiwa chini mkono unaning'inia.

Mkanda wa kuning'inizia mkono ni msaada wa muda mfupi, siku ya maumivu makali au siku chache baada ya upasuaji kama daktari ameagiza. Kiwiko kifike mwisho kabisa wa mfuko, kiganja kiwe juu kidogo ya kiwiko, na ukanda ukae kwenye bega la upande usioumwa badala ya kuning'inia shingoni. Utoe mkono mara kadhaa kwa siku na kuusogeza kama ulivyofundishwa, maana bega lisilosogezwa huganda, na neva zisizosogea baada ya upasuaji hushikwa na kovu.

Plasta ya kunyumbulika inayobandikwa na mtaalamu kuinua kombe la bega naipa nyota tatu. Inakaa siku tatu hadi tano na faida yake inatofautiana, lakini walau inavuta upande unaofaa. Mengine hayana bei: kwenye daladala au matatu shika bomba la juu kwa mkono mzima, na ndoo ya lita ishirini igawe kwenye madumu ya lita tano.

Kuna watu ambao hawapaswi hata kuujaribu mkanda huu. Mkono ukivimba ghafla, ukawa mzito na wa rangi ya zambarau, huku mishipa ikijitokeza begani na kifuani, hiyo ni dalili ya damu kuganda kwenye veni, mshipa unaorudisha damu moyoni. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu tiba ya kuyeyusha damu iliyoganda hufanya kazi vizuri zaidi katika wiki mbili za mwanzo. Mkono ukiwa wa baridi, umepauka na vidole vinauma, tatizo linaweza kuwa kwenye ateri, mshipa unaopeleka damu mkononi, na hapo pia hakuna kusubiri.

Na kama mkanda tayari uko nyumbani na risiti bado unayo, urudishe kabla velkro haijashika nyuzi.