Kitanda namba 14: uzoefu wangu wa siku 11 katika hospitali ya kufundishia

Kama unatarajia kulazwa katika hospitali inayofundisha madaktari, au una ndugu aliyepewa rufaa ya kwenda huko, soma hii kwanza. Mimi nimetoka juzi. Nililazwa siku 11 kwa sababu ya maji yaliyojaa kifuani upande wa kulia, nikawekewa mpira wa kuyatoa, nikapewa dawa, nikarudi nyumbani napumua. Hospitali siitaji jina, na kwenye tiba sina ugomvi nayo. Ninachotaka kusimulia hakimo kwenye karatasi ya ruhusa: jinsi watu walivyosemeshana pale wodini, daktari bingwa na wanafunzi wake, wanafunzi na mimi, mimi na wao. Maana na mimi sikuwa malaika.

Raundi ya kwanza ilinikuta sijapiga hata mswaki. Walikuja watu tisa. Bingwa mbele, nyuma yake madaktari wawili wa mafunzo kwa vitendo (wenyewe wanajiita intani), halafu wanafunzi wa udaktari na koti zao nyeupe zenye mikunjo ya pasi. Pazia halikuvutwa. Bingwa hakunisalimu, na sidhani kama alidhamiria kunidharau. Nadhani alikuwa ameshaanza somo tangu mlangoni. "Huyu ni maji kifuani, upande wa kulia. Nani ataniambia atasikia nini akipima hapa nyuma?" Akanishika bega, akanigeuza kama unavyogeuza godoro.

Basi wakapita mmoja mmoja mgongoni kwangu na stetoskopu zao. Vyuma vinane vya baridi, asubuhi, kwenye ngozi ya mtu mwenye homa. Nilikuwa nahesabu. Wa sita peke yake, kijana mwembamba mwenye miwani, alikifunika kile chuma kiganjani kwa muda kidogo kabla ya kunigusa. Hakusema neno. Ila mwili wangu ulimtambua, na siku zote zilizobaki nilikuwa namtafuta kwa macho kila kundi likiingia.

Hapo ndipo nilipokumbuka kitu nilichowahi kusoma kuhusu hicho chombo. Mwaka 1816, daktari Mfaransa René Laennec aliona haya kulaza sikio lake kifuani kwa binti aliyekuja na ugonjwa wa moyo, ambavyo ndivyo madaktari walivyokuwa wakifanya. Akaviringisha karatasi, akaweka upande mmoja kwenye kifua cha binti na mwingine sikioni kwake, na akashangaa kusikia mapigo vizuri kuliko alivyozoea. Kumbe stetoskopu ilianza kwa kumsitiri mgonjwa. Zaidi ya miaka 200 baadaye mimi nimekaa kifua wazi, pazia wazi, na jirani wa kitanda cha 15 ananitazama kama televisheni.

Sasa nije kwenye aibu yangu. Usiku wa pili kanula (kale kamrija ka kupitishia dawa mshipani) iliziba, ikabidi kutafuta mshipa mwingine. Alikuja intani, dada wa umri wa binti yangu wa mwisho. Alijaribu mkono wa kushoto, akakosa. Akajaribu juu kidogo, mshipa ukapasuka, pakavimba. Mara ya tatu, sindano ilipogusa tu ngozi, nikautoa mkono na kusema kwa sauti iliyosikika mpaka mwisho wa wodi: "Niitie daktari wa kweli! Mimi si mdoli wa kujifunzia!" Akasema, "Sawa baba. Pole." Akakusanya vitu vyake kwenye trei. Pamba ilimdondoka, akainama kuiokota, na aliposimama nikaona macho yake.

Sista aliyemalizia kazi (mara moja tu, na mkono wake ulikuwa na utulivu wa miaka) hakunigombeza. Alisema tu, huku anabandika plasta, "Yule yuko zamu tangu jana asubuhi, mzee." Nimelifikiria sana hilo. Mtu aliyekesha hastahili kupewa sindano anidunge nayo, hilo ni kosa la waliopanga zamu. Lakini wao hawakuwepo kando ya kitanda changu. Aliyekuwepo ni yule dada, hivyo matusi yote aliyapata yeye.

Na kesho yake akapata mengine. Kwenye raundi bingwa alimuuliza maji yametoka kiasi gani. Akasema mililita 900. Faili lilisema 1,100. "Ulisomea wapi wewe?" bingwa akamuuliza, na baadhi ya wanafunzi wakacheka kile kicheko cha mtu anayeshukuru kwamba leo si zamu yake. Mimi nilikuwa chini yao nimelala, naangalia dari, na nakiri kwamba sehemu ndogo ya roho yangu ilifurahi. Furaha yenyewe haikumaliza dakika tano.

Kwanza nifafanue huo mpira. Unatoka ubavuni, unaingia kwenye chupa yenye maji iliyowekwa sakafuni, chini kabisa ya usawa wa kifua. Ukivuta pumzi maji ndani ya bomba yanapanda, ukiitoa yanashuka. Ni kama kuona pumzi yako mwenyewe, na usiku nilikuwa naitazama mpaka nasinzia. Asubuhi ile maji hayakuwa yanapanda wala kushuka. Mpira ulikuwa umejikunja chini ya paja langu. Sikujua. Bingwa, aliyekuwa na hasira na hesabu, hakutazama chini.

Kundi lilipoenda kitanda cha 17, yule kijana wa miwani alirudi peke yake, akachuchumaa, akauvuta mpira taratibu na kuunyoosha. Maji yakaanza kucheza. Nikamuuliza, "Umeona saa ngapi?" Akasema, "Tangu tulipofika, baba." Mbona hukusema? Akatazama kule lilikokuwa kundi. "Kwa ile hali ya leo... niliogopa."

Hilo jibu ndilo lililonifanya niandike. Tumezoea kuona maneno makali ya bingwa kwa mwanafunzi ni mambo yao ya ndani, kama mzazi na mtoto, na eti yeye pia alifundishwa hivyohivyo. Lakini siku ile ukali uliteremka kutoka kwa bingwa, ukapita kwa intani, ukamziba mdomo mwanafunzi, ukaishia kwenye mpira wa kifua changu. Sikuwa mtazamaji. Nilikuwa mwisho wa mnyororo. Na si hisia zangu tu: mwaka 2015 ulichapishwa utafiti wa Israel uliohusisha timu 24 za wahudumu wa watoto wachanga mahututi, wakifanya zoezi la kuigiza. Waliotolewa maneno ya dharau na mtu waliyeambiwa ni mtaalamu walikosea zaidi kwenye kutambua ugonjwa na kwenye kazi za mikono, na hawakupeana taarifa wala kuombana msaada kama wenzao. Wodini kwetu tulifanya zoezi hilo bila kuigiza.

Siku ya sita mabingwa walibadilishana zamu. Aliyekuja ni mama mmoja mfupi, sauti ya chini. Jambo la kwanza alilofanya ni kuvuta pazia. La pili, akavuta stuli akaketi, macho yake yakawa sawa na yangu. Akanitajia jina lake na kazi yake, akamtaja intani kwa jina (siku ya sita ndiyo nilipojua yule dada anaitwa nani!), kisha akauliza: "Nina wanafunzi sita leo. Unaridhia wakusikilize wote, au wawili tu, au tukuache upumzike? Ukikataa, matibabu yako hayabadiliki." Nilikuwa nimeshajiandaa kukataa. Nikasema waje wote.

Kuna daktari Mwingereza, Kate Granger, aliyeugua saratani na alipolazwa akagundua wengi wanaomhudumia hawajitaji hata jina. Mwaka 2013 akaanzisha kampeni ya kuwahimiza wahudumu wa afya waanze kwa kujitambulisha, akaendelea nayo mpaka alipofariki mwaka 2016. Zamani niliona ni jambo dogo mno kuitwa kampeni. Sasa nimelala kitandani siku tano nikiwaita watu "wewe dada" na "yule mwenye miwani", huku wao wakiniita "14", naona alikuwa sahihi kabisa.

Kisha yule mama akaniambia, "Waeleze wewe mwenyewe ilivyoanza." Akanyamaza. Na wao wakanyamaza. Sikuzoea. Mwaka 1984 watafiti wa Marekani walipima wakakuta daktari humkatiza mgonjwa, kwa wastani, baada ya sekunde 18. Wengine Uswisi, mwaka 2002, waliwaachia wagonjwa waseme mpaka waishie wenyewe. Wastani ulikuwa sekunde 92. Dakika moja na nusu! Sijui yangu ilikuwa ngapi, lakini nilipofika katikati nikajisikia nasema nisichokuwa nimepanga kusema: kwamba kikohozi hakikuanza wiki mbili zilizopita kama nilivyoandikisha mapokezi. Kilikuwa na miezi miwili. Niliona haya kusema nimekaa nacho muda wote huo, mtu mzima na akili zangu.

Hakuna aliyeguna. Yule mama akamtazama intani, na intani mwenyewe ndiye aliyesema kuna kipimo kinapaswa kuongezwa. "Vizuri. Kiandike," mama akasema. Basi. Majibu yalipotoka dawa zangu zilibadilishwa, na homa iliyokuwa inanipanda kila jioni ikaanza kukata. Sisemi bingwa wa kwanza asingekipata. Huenda angekipata. Ila mimi ndiye niliyekuwa nimeificha taarifa, na kwake yeye nisingeitoa.

Jioni ile nilimwita yule intani kwa jina lake, nikamwomba radhi kwa maneno ya usiku ule. Akasema amesahau, jambo ambalo wote wawili tulijua si kweli. Lakini alikaa. Akanieleza kwa nini siku ya kwanza walifunga mpira wakati mimi nahisi bado maji yapo: hawatoi zaidi ya lita moja na nusu hivi kwa mkupuo, kwa sababu pafu lililobanwa muda mrefu likifunguka ghafla linaweza lenyewe kujaa maji. Mimi siku zote hizo nilikuwa nadhani wamenisahau. Kabla ya hapo hakuna aliyeniambia, na mimi sikuuliza; nilikuwa nimenuna tu. Kesho yake alinibadilishia kanula. Alikosa tena mara ya kwanza. Akasema, "Baba, nimekosa, naomba nijaribu mkono mwingine, nikikosa hapo namwita mwenzangu." Nikampa mkono. Ilikuwa ileile sindano, yaleyale maumivu.

Nina neno pia kwa sisi tunaolazwa. Jirani yangu wa 15 alikuwa anawafukuza wanafunzi kwa matusi, halafu akija bingwa anakuwa mpole kama kondoo. Ana haki ya kukataa kusomewa mwilini mwake, hiyo simnyimi. Lakini kukataa kuna lugha yake: "Leo hapana, nimechoka," inatosha. Nilikuja kusoma kwamba lile Tamko la Geneva, kiapo cha madaktari cha mwaka 1948, liliwataka wawaheshimu walimu wao. Marekebisho ya 2017 ndiyo yaliyoongeza wenzao kazini na wanafunzi. Ilichukua miaka karibu 70 kuwakumbuka walio chini, kwa hiyo labda bingwa wa kwanza alisomeshwa na waliosomeshwa na toleo la zamani. (Utani tu. Nusu.)

Ya haraka kwa anayekwenda: uliza jina la kila anayekugusa, na akikuambia litumie. Pazia likiachwa wazi, omba livutwe. Hakuna aliyekasirika nilipoanza kuomba. Andika maswali yako kabla ya raundi, kwa sababu raundi ikifika akili inakimbia. Kama unataka kueleweshwa jambo kwa kituo, msubiri mwanafunzi mchana. Ana muda ambao bingwa hana, na mara nyingi anafurahi kuulizwa. Ukiona jambo si sawa kwenye mpira au dripu yako, sema wewe, maana pengine aliyeliona anaogopa. Ruhusa ya kutoka inachelewa: nilivaa saa mbili asubuhi, nikatoka saa kumi jioni.

Kwenye tiba naipa nyota nne. Kwenye utu, siku tano za kwanza moja, sita za mwisho tano, na sipendi kwamba tofauti hiyo ilitegemea nani yuko zamu. Kwa jumla naipa tatu na nusu, na ile nusu ni ya kijana aliyerudi peke yake kuunyoosha mpira.