Unataka kupiga picha za wadudu kwa karibu? Nunua kwa mpangilio huu

Wakuu, kila mtu akiona picha ya nzi macho yamejaa vijicho vidogo vidogo swali la kwanza ni hilohilo, ulitumia lenzi gani? Mi nasema anza kuuliza alimulikaje, lenzi itafuata. Nitaeleza kidogo kwa nini, maana ndo inaamua hela yako iende wapi.

Ukimsogelea mdudu mpaka 1:1, yaani kidudu cha milimita 10 kinakaa milimita 10 kwenye sensa, basi kwa apecha (tundu la lenzi linalopitisha mwanga, namba ikipanda tundu linapungua) ya f/8 sehemu inayotoka kali ni kama milimita moja tu, jicho linaonekana vizuri ila miguu ya nyuma yote ukungu. Sasa unasema ngoja nibane apecha mpaka f/11 sehemu kali iongezeke, sawa, lakini ukiwa 1:1 lenzi inapitisha mwanga kama iko f/22, kwahiyo picha inakuwa giza, unapunguza spidi ya shata, na hapo mkono unatetemeka, jani linayumba na sisimizi hasimami hata sekunde. Jua peke yake mara nyingi halitoshi kabisa. Flashi ndo inakutoa hapo, kwa sababu ukiiweka nguvu ndogo kama 1/16 ya nguvu yake yote inawaka na kuzima chini ya 1/5000 ya sekunde, mtetemo wote unagandishwa.

Kabla ya yote: flashi na difyuza

Nunua flashi ya kuweka juu ya kamera inayokubali kurekebishwa manuali, hata ya mtumba isiyo na jina. Mbwembwe za otomatiki huzihitaji. Halafu difyuza, yaani kitu cha kulainisha na kusambaza mwanga wa flashi, na hiyo nakuomba uitilie maanani kweli, kwa sababu mende na mbawakawa wana magamba yanayong'aa na flashi ikiwapiga moja kwa moja unapata doa jeupe mgongoni, rangi yote imepotea. Siri yake ni kwamba difyuza iwe kubwa kuliko mdudu na iwe karibu naye iwezekanavyo, ikiwa mbali mwanga unarudi kuwa mkali tena. Unaweza kuitengeneza mwenyewe kwa plastiki nyeupe inayopitisha mwanga au karatasi, ipinde ikae juu ya mdomo wa lenzi, inafanya kazi vizuri tu. Kuseti kamera anzia hapa: manuali, shata 1/160 au 1/200, ISO (usikivu wa sensa kwa mwanga) 100 mpaka 400, f/8 mpaka f/11. Taa za LED za duara zile za kufunga mbele ya lenzi usinunue, nyingi hazina nguvu ya kugandisha kitu.

Namba 1: lenzi ya kubandika mbele ya lenzi yako (akromati, ya vioo zaidi ya kimoja)

Kama tayari una zumu ndefu, 55-250mm au 70-300mm, hii ndo chaguo langu la kwanza kwa anayeanza na silibadilishi. Inayojulikana zaidi ni Raynox DCR-250, ina nguvu ya +8 (diopta, namba ikipanda inakuza zaidi), inabana kwa klipu kwenye lenzi zenye uzi wa milimita 52 mpaka 67, unaivaa na kuivua kwa sekunde mbili kipepeo akiwa palepale. Haili mwanga kama tyubu za namba 3. Zumu ikiwa 200mm unapata ukuzaji wa kama mara 1.6, na unabaki na kama sentimita 12 kutoka kwenye kioo mpaka kwa mdudu, nafasi inayotosha flashi kuingia bila kivuli na buibui asistuke. Kwa vipepeo na kereng'ende ambao ni wakubwa na waoga chukua ndugu yake DCR-150, ni +4.8, inakupa kama sentimita 20. Ila kama una 18-55 peke yake usikimbilie hii, ukuzaji unashuka sana na ukivuta kwenda upande mpana kona zinakuwa nyeusi.

Namba 2: lenzi ya makro (ya picha za karibu) yenyewe, 90 mpaka 105mm

Kwa ubora wa picha hii inashinda zote, nimeiweka ya pili kwa sababu ya bei tu, maana nimeona watu wengi wanamaliza bajeti yote kwenye lenzi halafu hawana flashi, wanakaa kulalamika picha hazitoki. Ukiweza vyote viwili basi chukua bila kufikiria mara mbili. Chukua ya mtumba, hata ya zamani yenye fokasi ya mkono, kwa sababu kwenye makro otofokasi huitegemei sana, unafunga fokasi unasogeza mwili mbele nyuma taratibu mpaka jicho linakaa. Ukiikagua mulika ndani na tochi uangalie kuvu, zungusha ringi ya fokasi usikie kama inakwama, na uangalie majani ya apecha yasiwe na mafuta. Halafu soma vizuri, iwe imeandikwa 1:1, kuna zumu kibao zimeandikwa neno makro na zinaishia 1:4, yaani robo ya saizi halisi. Zile fupi za 50 au 60mm zinakulazimisha uingie karibu mno, mdudu anakimbia au unamfunika kivuli. Za 150 mpaka 180 zinakupa nafasi nzuri sana ila mkono utachoka.

Namba 3: tyubu za ekstensheni

Hizi hazina kioo ndani, zinaisogeza lenzi mbali na sensa basi. Hesabu yake rahisi, gawanya urefu wa tyubu kwa urefu wa lenzi: seti ya 12, 20 na 36 jumla ni milimita 68, kwenye 50mm unapata kama 1.36, lakini kwenye 250mm unaongeza 0.27 tu. Kwahiyo ni kinyume cha Raynox, zinafaa lenzi fupi. Kama una 50mm na huna zumu, anza na hizi. Nunua zenye pini za umeme za kuunganisha lenzi na kamera, bila hizo kwenye kamera nyingi apecha huigusi tena.

Namba 4: simu

Usiidharau. iPhone 13 Pro ya 2021 ilikuja na uwezo wa kufokasi sentimita 2, na kuna simu nyingine nzuri pia zinafanya hivyo, shida ni kivuli cha simu yenyewe. Ila zile simu za bei ya chini zenye kamera ya makro ya megapikseli 2, achana nayo, tumia kamera kuu na lenzi ya kubana ya kioo, sio plastiki. Konokono, viwavi, buibui aliyetulia kwenye utando wake, hao unawapata safi.

Namba 5: ringi ya kugeuzia lenzi

Ni ringi ya kufunga lenzi kinyumenyume, bei yake rahisi kuliko zote na inakuza balaa, 18-55 ikigeuzwa ikiwa 18mm unaingia zaidi ya saizi halisi kirahisi. Ila mdudu anakuwa sentimita chache tu kutoka kwenye lenzi, apecha haitii kamera tena, na kioo cha nyuma kinabaki wazi kwa vumbi. Ukipata lenzi ya zamani yenye ringi ya apecha hapo inaleta maana.

Vya kuruka: pakiti za filta za +1 mpaka +10 za kioo kimoja, zinatoa mistari ya zambarau pembeni. Canon MP-E 65 inayokuza mara 1 mpaka 5 ni chombo kweli, ila inafanya makro tu, haiwezi kufokasi kitu cha mbali, na ukifika mara 5 kumtafuta mdudu tu ni kazi, acha mpaka 1:1 iwe nyepesi kwako. Na tripodi nayo subiri, ukimaliza kufungua miguu yake panzi ameshahama, utaitaka siku ukianza kuunganisha picha nyingi za mdudu aliyelala asubuhi na mapema kabla hajapata joto.