Karura na Ngong kwa siku moja: niliongozwa na mwanafunzi wangu wa zamani

Huyu kijana nilimfundisha bayolojia sekondari na kusema ukweli hakuwa mtu wa vitabu, nikigeukia ubao tu yeye macho yako dirishani anatafuta ndege. Saa hii hiyo ndio kazi yake, anatembeza watu misituni, na juzi nikasema wacha niende kama mteja mwingine yeyote.

Tulianza Karura, ule msitu wa Nairobi, asubuhi kabla watu wa baiskeli hawajajaa. Chupa za plastiki haziruhusiwi huko tangu 2020, alikuwa ametutumia meseji jana yake kutukumbusha, kundi la nyuma yetu likaachwa getini likibishana na askari.

Karura ni zaidi ya hekta 1,000 lakini huyu hana haraka kabisa. Kwa njia ambayo nimepita mara nyingi nikikimbia alisimama kwa mti wa mugumo akatuambia tuingize mkono katikati ya mizizi, ndani kuko wazi na baridi, kumbe ndege aliangusha mbegu juu ya mti mwingine, mizizi ikashuka ikauzunguka huo mti mpaka ukafa ukaoza wote. Halafu mbega, wale weusi wenye mikia mirefu myeupe. Akanipa darubini, "Mwalimu, angalia mkono." Hana kidole gumba bana! Na hawa si wa hapo, waliletwa kutoka Kipipiri kule Nyandarua, miti yao ilikuwa inakatwa.

Kwa mapango ndio alisimulia habari za Mau Mau, na vile Wangari Maathai, yule mtetezi wa mazingira, alipigwa na walinzi 1999 akienda kupanda mti, wakati ardhi ya msitu ilikuwa inagawiwa madevelopa. Angeanza na hiyo getini, ukishaisikia huwezi kutembea humo vile vile.

Vilima vya Ngong ndio nimemtoa nyota moja. Gari alilokodi lilichelewa, tukachomwa na jua Limuru Road, tukafika juu alasiri upepo ukiwa mkali mpaka kofia ya mama mmoja ikaenda zake bondeni. Mahali penyewe ni pazuri sana, huku unaona Nairobi, huku Bonde la Ufa, na mitambo ya upepo inavuma juu ya kichwa, lakini vile vilima vinapanda na kushuka na magoti yangu si ya kukimbizwa. Hizo ni safari mbili, asizibane kwa siku moja.

Bei ni 3,500 kwa mtu, gari na chai ndani, viingilio unajilipia. Mimi alikataa kunitoza, nikamtumia kwa M-Pesa, akarudisha, nikatuma tena nikamwambia hiyo ni amri ya mwalimu.

Ukimpigia mwambie mapema kama unakuja na watoto, na vaa viatu vyenye meno, ile njia ya kushuka kwa maporomoko ya Karura inateleza vibaya ikinyesha.