Mto wa mteremko wa fundi makochi, nimeulalia miezi mitano sasa

Nianze na bei, maana najua ndiyo mnayoitafuta. Shilingi 65,000 kwa mito miwili ya mteremko, yaani minene kichwani na inayopungua kuelekea kiunoni, sponji na kukata, bila foronya. Foronya nimeshona mwenyewe. Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko hapa Majengo, Dodoma. Kabla ya hapo nilishatupa 25,000 kwa mto wa ovyo mahali pengine, na huo nao nitausema.

Mtu mzima wa miaka 47 anahangaika na mto wa nini? Kichefuchefu. Si kile cha kula kitu kibaya kikaisha kesho yake. Mwaka na ushee, kila alfajiri saa kumi na moja naamka mdomo umejaa mate, nainamia beseni, na hakitoki kitu zaidi ya maji machungu. Majirani walishaanza kunihesabia miezi. Mama mkwe akaja kutoka Mpwapwa akasema hilo ni chango, akanichemshia mizizi, nikainywa kwa heshima yake na nikaitapika kwa heshima vilevile. Zahanati moja wakanipa dawa za vidonda vya tumbo, nikamaliza dozi, wakanirudishia dozi ileile, kichefuchefu kiko palepale. Mwisho nikaandikiwa kipimo cha kamera, ule mpira wanaokumezesha mpaka tumboni, na daktari akaandika henia ya hiatasi.

"Ngiri?" nikamuuliza. "Mimi mwanamke?"

Akacheka. Akasema, mama, ngiri ziko za namna nyingi. Hii yangu haiko kinenani, iko juu, pale koo la chakula linapopenya kwenye kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo. Tundu lile limelegea, kwa hiyo sehemu ya juu ya tumbo inapanda kifuani na kurudi. Nikamwelewa kwa lugha yangu ya kazi: ni sketi ya lastiki. Ikishafuliwa miaka na miaka bado unaivaa, lakini kiunoni haishiki. Mlango wa tumbo usiposhikwa, ukijilaza tu asidi inapanda, na ikipanda usiku kucha ndiyo ile alfajiri yangu na beseni.

Dawa alinipa, omeprazoli miligramu 20, nusu saa kabla ya uji wa asubuhi. Akaniambia nikitapika damu, au choo kikiwa cheusi kama lami, au chakula kikianza kukwama kooni, nisisubiri kliniki, niende siku hiyohiyo. Halafu akaongeza mambo ambayo hayauzwi dirisha la dawa: nisilale kabla ya muda wa saa tatu kupita tangu nile, nilalie ubavu wa kushoto, na niinue upande wa kichwani kwa sentimita 15 hadi 20. Hilo la kushoto nililiona kama ushirikina mpaka akanichorea. Tumbo limeelemea kushoto, ukilalia huko mlango wake unabaki juu ya maji yake. Ukilalia kulia mlango unazama.

Kwanza nikapanga mito mitatu ya kawaida. Msihangaike nayo. Inainua kichwa na shingo tu, mwili unakunjika katikati kama kitambaa kwenye pindo, na pale unapokunjika ndipo tumbo lilipo, linabanwa. Niliamka na shingo inauma na kichefuchefu kimezidi. Nikahamia kwenye tofali, mbili mbili za kuchoma chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani. Nisizisingizie, zilisaidia, na daktari mwenyewe alisema hiyo ndiyo njia ya zamani. Lakini mume wangu ni mrefu. Kila akiamka miguu iko nje ya kitanda na shuka limemfuata. Usiku wa tisa tofali moja likapasuka, tukashuka kwa kishindo mpaka mtoto akaja kugonga mlango kuuliza kama ni tetemeko. Tofali zikarudi uani.

Nilisikia iko mito ya mteremko inaletwa kutoka nje, nikaulizia Dar es Salaam, nikatajiwa 120,000 kwa mmoja, nauli ya mzigo juu yangu. Nikasema hapana. Sponji si zinakatwa hapahapa kila siku za makochi?

Wa kwanza niliyemwendea simtaji, na kibanda chake sikielekezi. Alinipa mto kwa 25,000 ukiwa tayari una foronya ya ngozi bandia, inang'aa vizuri kweli. Nilivyofungua zipu nyumbani (kosa langu, zipu inafunguliwa dukani) nikakuta vipande kumi na kitu vya masalia ya sponji vimegandishwa kwa gundi. Harufu ile jamani. Mtu mwenye kichefuchefu hapewi kitu kinachonuka gundi akaambiwa alalie. Niliuanika uani siku nne, ilikuwa mwezi wa sita, upepo wa Dodoma mnaujua, unapiga na vumbi mpaka nguo kwenye kamba zinakuwa na rangi ya udongo. Gundi haikutoka. Mto ukawa unanuka gundi na vumbi. Tena ile ngozi bandia inateleza: nikipanda saa nne usiku, saa nane nipo katikati ya kitanda na mto peke yake kichwani. Baada ya wiki mbili vipande vikaachana, pakawa na bonde pale bega linapokaa. Leo anaulalia paka, na hata yeye anachagua pembeni.

Huyu wa pili ndiye ninayemsifia. Ni kijana, fundi makochi, anafanyia kazi chini ya turubai upande wa Chang'ombe ya hapahapa Dodoma. Kilichonivutia ni kwamba alitaka vipimo kabla ya kunitajia bei. "Shikamoo mama, ni wa kulalia au wa kuegemea?" Nikamwambia wa kulalia, wa mgonjwa. Akaniuliza upana wa kitanda, nikasema tano kwa sita. Akaniambia nilale juu ya sponji kubwa iliyokuwa pale, mbele za watu, ili aone nyonga zangu zinaishia wapi. Nililala. Aibu ningeiweka wapi, nilishainamia beseni mwaka mzima.

Hapo pa nyonga ndipo siri ya mto huu ilipo. Mteremko uanzie kiunoni, mgongo wote upande taratibu pamoja na kichwa. Ukiwa mfupi, umeanzia mabegani, umenunua mito mitatu kwa jina lingine. Mimi si mrefu, urefu wangu ulitoka inchi 32. Mrefu kuliko mimi aongeze.

Sponji akanionyesha mbili. Laini ilikuwa ya bei nafuu, nikaibonyeza kwa ngumi, ngumi ikagota kwenye meza. Ngumu, ile ya godoro la HD, yaani sponji nzito iliyoshonana, ngumi iliishia njiani. Nikachukua ngumu. Block nzima ya inchi 30 kwa 32, kimo inchi 8, alisema 60,000, na kukata 5,000. Nikataka kupunguziwa, ndipo nikamwona anachora mstari kwa maka peni ubavuni, kutoka inchi moja kwa chini hadi inchi saba kwa juu. Anakata mshazari! Fundi cherehani huwezi kumdanganya kwenye mshazari. Ukikata hivyo kinachobaki juu ni mto wa pili uleule, umepinduliwa.

"Mwanangu, na hicho cha juu ni cha nani?"

Akatabasamu. "Mama, hicho huwa kinabaki kwa fundi."

"Block nimeilipia nzima."

Akakuna kichwa, akasema sawa. Sikuomba tena punguzo, tumetoka sare. Nawaambia wazi: ukienda, taja mapema kuwa unachukua nusu zote mbili, au umpe alipie nusu yake. Si mwizi, ni kawaida yao, masalia ndiyo faida. Ila masalia ya inchi saba si masalia.

Alikata kwa kisu kirefu alichokuwa anakipaka maji ya sabuni, taratibu, bila kuinua mkono, na uso wa mteremko ulitoka umenyooka kuliko nilivyotegemea. Kasoro ipo moja: ncha ya chini upande wa kushoto ilichanika kidogo, kama mdomo wa panya. Chini ya foronya haionekani. Wa pili ulitoka safi.

Foronya. Alitaka kunishonea kwa ngozi bandia ileile inayong'aa, nikamwambia niachie mwenyewe. Ndani nimeweka marekani, iliyofuliwa kwanza isije ikajikunja. Nje, juu nimeweka kitambaa cha taulo, chini drili. Taulo inashika mwili usiteleze, drili inashika shuka. Zipu ndefu, nimeiweka kwenye ubavu wa kichwani ili isikukwaruze. Chini nimeshona mikanda miwili inayopita chini ya godoro, mto hauendi popote. Msiweke kitenge kipya upande wa kulalia, ile nta yake inateleza na usiku wa joto inakunatia. Mikanda nashonea watu kwa bei ya kawaida, si kwamba natangaza biashara.

Umesaidia? Wiki ya kwanza hapana. Nilihisi nimelala kwenye machela, nikaamka na maumivu ya mgongo, nikataka kurudisha. Wiki ya pili mgongo ukazoea. Wiki ya tatu ilipita siku mbili mfululizo bila beseni, sikumwambia mtu, niliogopa kujitia nuksi. Sasa miezi mitano imepita, na kichefuchefu cha alfajiri kinanikamata labda mara mbili kwa wiki, na mara nyingi ninajua sababu. Kuna harusi tulikula saa nne usiku, pilau na kachumbari ya pilipili, soda juu. Mto gani utazuia hiyo?

Mchana mto hauna msaada wowote, na ndipo mimi ninapoteseka bado. Kazi yangu ni kuinama. Nikishiba ugali kisha nikainamia cherehani, ndani ya robo saa mate yanajaa, kitambaa kinaanza kuzunguka machoni. Nimebadilisha mambo kadhaa. Mama lishe wa jirani sasa ananipakulia nusu ya chakula saa sita, na nusu nyingine saa tisa, mwanzoni alidhani nina deni naona haya kusema. Mlenda wake nakula bila shida, hauna mafuta ya kukaanga wala nyanya, unateremka wenyewe. Nyanya na ndimu nimeziacha, kahawa nimeiacha kwa uchungu mkubwa, na chai ya tangawizi niliyosifiwa na kila mtu mimi inaniunguza kifua, ingawa dada yangu inamtuliza. Sketi zangu zote za lastiki nimezifumua nikazigeuza madera. Nikishakula nasimama kwanza, ndipo napiga pasi. Nguo za kukata chini sakafuni nimemwachia kijana wangu wa kazi.

Kigumu kuliko vyote ni chakula cha usiku. Nyumba yetu ilikuwa inakula saa tatu, baada ya taarifa ya habari. Mimi sasa nakula saa kumi na mbili na nusu, peke yangu jikoni, kama mtu aliyesusa. Mume wangu alikasirika mwezi mzima. Tumefikia hapa: nakaa nao mezani saa tatu na kikombe cha maji ya uvuguvugu, nawatazama.

Yeye ndiye analalia ule mto wa pili. Upana wa inchi 30 mara mbili unajaza kitanda cha tano kwa sita bila kuacha bonde katikati, na hiyo sikuipanga, ni bahati ya ule mshazari. Hana ngiri. Anasema amepunguza kukoroma. Mimi naona anakoroma vilevile, tofauti ni kwamba sasa nasikia kutokea juu kidogo.

Kimo cha mto hakijashuka sana, nimekipima juzi kwa futi kamba, kichwani bado ni inchi sita na robo tatu. Joto ndilo tatizo. Miezi hii ya kuelekea mvua sponji ngumu inahifadhi joto mgongoni, naibadilisha foronya kila siku tatu na bado naamka na jasho. Na kusafiri nao haiwezekani. Nilipokwenda Kondoa msibani nililala chini, kwenye mkeka, na asubuhi nilirudi kwenye beseni la watu.

Yule kijana wa makochi anafungua kama saa mbili. Gundi ya makochi anaanza kuipaka kuanzia saa nne, na chini ya lile turubai harufu haitoki. Kama tumbo lako ni kama langu, uwe umeshaondoka.