Pokémon Showdown kwa simu: nimemjenga Garchomp hapa, na hii ndio ripoti yangu

Kama uko na simu ya kawaida na kabando kadogo, na umekuwa ukitamani mapigano ya Pokémon yale ya kushindana kabisa, achana na kuzunguka kwa nyasi ukishika wanyama, basi Pokémon Showdown ndio mahali pa kuanzia na sioni haja ya mtu kungoja mpaka apate Switch. Switch hapa Kisumu ni pesa ya maana sana, ukishaipata bado ununue gemu yenyewe, halafu bado ukae ukilea mnyama mmoja mpaka namba zake zikae sawa. Showdown inafunguka kwa brauza tu, hulipi kitu, unachagua jina unaingia. Iko tangu 2011, wameitengeneza mashabiki wenyewe na si Nintendo, na mpaka leo wachezaji wakali huko nje wanajaribia timu zao hapo kabla ya kwenda nazo mahali pengine.

Kuna kitu kimoja watu wa network kama yetu watapenda. Mchezo ni zamu kwa zamu, wewe unachagua pigo, mwenzako anachagua lake, seva inacheza zote mbili. Kwa hivyo ukiwa kwa matatu kutoka Maseno na network ianze kusinzia ukikaribia Kisian, hupotezi pambano hapo hapo kama zile gemu za risasi, unarefresh unarudi unakuta bado mko zamu ile ile. Ila kama mpinzani amewasha saa, hapo chunga, saa haingoji mtu.

Sasa nije kwa jambo lenyewe, kujenga straika, yaani Pokémon wa kushambulia. Mimi nimekaa na Garchomp kwa sababu ndiye anafundisha vizuri kuliko wote, si mgumu kuelewa na bado anauma. Aina yake ni Dragon na Ground, na namba zake za msingi kabla hujaongeza kitu ni damu (HP) 108, Attack (nguvu ya kupiga) 130, spidi 102, jumla ya namba zake zote 600. Hiyo spidi ya 102 iangalie vizuri kwa sababu ndio siri yake yote, wanyama wengi sana wazuri wamesimama kwa 100 kamili, Volcarona, Zapdos, Salamence, na Garchomp amewapita na mbili tu. Mbili inaonekana ndogo lakini huku anayetangulia ndiye anayepiga, na mara nyingi wa pili hapati nafasi ya kupiga.

Kwa Showdown unafungua ukurasa wa kujenga timu, unaandika jina, na IV, zile namba mnyama anazaliwa nazo, zote tayari ziko 31, hakuna kuzalisha mayai, hakuna kutafuta vidonge. Unabaki na EV tu, zile pointi za ziada unazogawa mwenyewe, jumla ni 510, na sehemu moja haiwezi kupita 252. Kila 4 inaongeza pointi moja kwa levo 100, kwa hivyo ile 252 ni pointi 63. Straika wa kawaida anapewa 252 kwa Attack, 252 kwa spidi, 4 zinazobaki unazitupa popote. Hapo watu wengi wanamalizia, lakini kuna tabia bado, na tabia ndio mahali vijana wa huku kwetu wanabishana usiku mzima.

Tabia ya Adamant inaongeza Attack asilimia 10, Jolly inaongeza spidi asilimia 10, zote zinapunguza Special Attack, nguvu ya mapigo yasiyo ya mwili, ambayo Garchomp huyu haitumii. Na Adamant, Attack inafika 394 na spidi inabaki 303. Na Jolly, Attack ni 359 na spidi 333. Binamu yangu aliangalia hizo namba akaniambia, “Omera, 394 si ndio kubwa, unatafuta nini kwa Jolly?” Nikamwambia aangalie Volcarona mwenye tabia ya spidi, huyo anafika 328. Adamant akisimama na 303 Volcarona anatangulia, Jolly na 333 wewe ndio unatangulia. Hizo pointi tano ndizo unanunua.

Lakini binamu hakuwa anaongea upuzi, na hapa ndio napenda ile kalkuleta ya dameji ambayo iko kwa ukurasa wake kando, ifungue uiwache wazi kila siku. Weka Gholdengo, Pokémon wa chuma (Steel) na mzimu, aliyepewa damu yote, 252 kwa HP na hakuna kitu kwa Defense, damu yake inakuwa 378. Garchomp wa Jolly akimpiga Earthquake, pigo lake la Ground, anatoa kati ya 342 na 404. Gemu inachagua namba moja kati ya 16 kila pigo, na kwa hizo 16 ni saba tu zinamuua, yaani asilimia 43.8. Badilisha iwe Adamant usiguse kitu kingine, inaruka inakuwa 15 kati ya 16, asilimia 93.8. Mnyama ni yule yule na pigo ni lile lile. Kwa hivyo ukiuliza gani bora nitakuuliza kwanza ni nani anakusumbua kwa leda, yaani yale mapambano ya kupanda viwango, kama ni akina Volcarona kaa Jolly, kama kila mtu unayekutana naye ameleta Gholdengo mnene basi Adamant ina maana.

Na kuna njia ya tatu ambayo mimi ndio naishi nayo. Weka mwenzake arushe Stealth Rock mapema, mimi natumia Glimmora. Yale mawe yanamuuma kila anayeingia, wengi asilimia 12.5 ya damu, wale wenye kuchukia Rock mara mbili wanaachia robo, wenye kuchukia mara nne wanaachia nusu nzima, na hapo ndio Volcarona na Charizard wanalia. Gholdengo yeye anaumwa kidogo tu kwa sababu ya chuma, pointi 23 kwa zile 378, anabaki 355. Sasa rudi kwa kalkuleta na Jolly yako ile ile, zile namba saba zimekuwa 12 kati ya 16, asilimia 75. Spidi yako bado unayo na ile shida umeimaliza karibu yote, na kazi imefanywa na mwingine. Straika wa mpira pia anafunga kwa sababu mtu wa winga ameleta krosi, ukimwacha peke yake mbele anazunguka tu.

Mapigo manne ninayompa ni Swords Dance, Earthquake, Scale Shot na Fire Fang, kifaa ni Loaded Dice. Swords Dance inafanya Attack mara mbili kwa zamu moja. Scale Shot inapiga mara mbili hadi tano, lakini ukiwa na Loaded Dice inapiga nne au tano, na ikiisha spidi yako inapanda hatua moja na Defense inashuka hatua moja. Spidi ya 333 ikipanda inakuwa 499, na Dragapult ambaye ni mmoja wa wenye mbio zaidi anafika 421 akiwa amejazwa yote, kwa hivyo umempita. Fire Fang imewekwa pale kwa ajili ya Corviknight, huyo anaruka na Earthquake haimgusi, na watu wanamuingiza wakijua wewe ni Ground wakikaa raha kabisa. Gholdengo pia saa zingine anashika Air Balloon na Earthquake inampita hewani, hapo mpige na kitu chochote kingine kwanza lile puto lipasuke.

Kitu nimeona kinawaangusha wengi ni kudansi kwa wakati mbaya. Wanaona Swords Dance wanaibonyeza zamu ya kwanza, mpinzani ana Weavile amekaa nyuma, anaingia, Ice Shard inatangulia hata kama wewe una spidi gani, Garchomp anaumwa na Ice mara nne, kwisha. Kabla hujadansi angalia timu yote ya mpinzani, Showdown inakuonyesha wote sita mwanzoni, tafuta nani ana Ice Shard, nani ana Will-O-Wisp kwa sababu ukichomeka dameji yako ya mkono inakatwa nusu, nani ni Dondozo kwa sababu Dondozo mwenye Unaware hajali umedansi mara ngapi, na kama kuna Landorus wa Intimidate atakushusha Attack kila akiingia. Wamalize hao au wachokeshe na wenzako, ndio umtoe Garchomp mwishoni mwishoni. Terastal nayo, ule uwezo wa kubadilisha aina ya Pokémon katikati ya pambano, usiitumie ovyo, mimi nampa Steel, inageuza ile Ice ya mara nne inakuwa kitu cha kukuna tu, na Earthquake yako bado inapata ile nyongeza ya Ground. Unaitumia mara moja tu kwa pambano lote, na ukiwa Steel sasa ni Fire, Fighting na Ground za wengine unaogopa.

Haya, mahali Showdown inakubana. Ukurasa wa kujenga timu kwa skrini ndogo ni kazi, vidole vinagusa EV za Defense ukitaka za Attack, mimi najengea kwa kompyuta ya saiba mjini nikiwa na nafasi, halafu naleta timu kwa simu kama maandishi. Na hiyo ya maandishi ni muhimu ujue, timu zako zinahifadhiwa kwa brauza ya simu hiyo hiyo, ukifuta data ya brauza au ukibadilisha simu zinaenda nayo. Kuna kitufe cha kutoa timu kama maandishi, kopi ujitumie kwa WhatsApp, imekaa hapo milele.

Pia haikufundishi. Ukiwa mgeni kabisa inakurushia tu orodha ndefu ya aina za mapambano na hujui OU ni nini, wala Ubers, na mtu akiandika kitu kwa chati hujui anasema nini. Kusema ukweli naona huu ndio upungufu mkubwa kuliko huo wa skrini. Inasaidia kidogo kwamba ukichagua mnyama inakupendekezea seti ambazo watu wanatumia, lakini haikuambii kwa nini, na mtu anayekopi bila kujua kwa nini anashindwa na mtu mmoja tu aliyebadilisha kitu kidogo.

Kwa mgeni mimi nasema aanze na Random Battle, unapewa sita wa bahati nasibu, hujengi chochote, unajifunza nani anaumwa na nini. Ukizoea unaingia OU, yale mapambano ya kawaida ya timu uliyojenga mwenyewe, leda inakuanzishia Elo 1000, hizo ni pointi za kiwango chako, na usiogope ikishuka. Halafu kila pambano lililokuuma lihifadhi kama replei, linabaki na linki yake, unaweza kulirudia polepole ukisimamisha kila zamu. Sisi hapa Kondele ndio tunafanya hivyo, linki inatumwa kwa grupu, kila mtu anasema yeye angebonyeza nini zamu ya nne na kwa nini, na nimeona vijana wakipanda haraka kwa hiyo mazungumzo kuliko kwa kucheza peke yao mpaka usiku.

Nyota nampa nne na nusu kwa tano, ile nusu imeliwa na skrini na ule ukali wake kwa wageni. Bei ni bure. Ukitaka kujaribu hiyo seti yangu, andika Garchomp, Loaded Dice, uwezo wa Rough Skin, Jolly, 252 Attack, 252 spidi, 4 Special Defense, Tera Steel, na Glimmora awe wa kwanza kuingia.