Safari Walk au Kituo cha Mayatima wa Wanyama?

Vyote viwili vipo Barabara ya Lang'ata, jirani na lango kuu la Mbuga ya Nairobi, kwa hiyo usumbufu wa safari si hoja. Hoja ni unataka kuona nini.

Kituo cha mayatima, kilichofunguliwa 1964, ndicho cha paka wakubwa. Ukisimama karibu na wavu utamsikia duma akikoroma kama paka wa nyumbani, na utaona ile michirizi miwili myeusi kutoka machoni hadi mdomoni, chui hana. Watoto hawabanduki hapo. Lakini ni vizimba, na mimi vizimba hunichosha haraka.

Safari Walk unatembea juu ya daraja la mbao, ukiwatazama wanyama chini. Hapo ndipo nilipomwona bongo, swala mkubwa wa msituni, kwa mara ya kwanza, mwekundu kama udongo wa Murang'a, mistari myeupe ubavuni. Porini Kenya hawafiki 100. Yupo pia kiboko mdogo wa Afrika Magharibi, ambaye huwezi kumkuta mto wowote wa kwetu.

Mimi naenda Safari Walk, asubuhi. Mchana wote wamelala.